Mizinga ya Mama Chausiku

Jumatatu, 12 Mei 1975

Nimefungua masanduku ya nyuki tangu asubuhi, la kwanza hadi la arobaini, kama kila Jumatatu. Yenye nyuki ni tisa. Mengine buibui tu, na mjusi mmoja ambaye sasa tunafahamiana.

Siafu wamepanda tena sanduku la kumi na mbili. Nimenyunyiza DDT kuzunguka miguu ya meza zote, unga mweupe kama wa muhogo. Kisha maji ya sukari. Kina mama waliokuwa wakienda kisimani wakasimama kunitazama nikikoroga. Dukani hakuna sukari tangu mwezi wa pili. Ya nyuki inaletwa na ofisi. Mmoja akasema, makusudi nisikie, kwamba safari ijayo atazaa nyuki. Wakacheka sana. Mimi sikuweza.

Nimeumwa kwenye kope. Jicho la kushoto limefunga kabisa.

Miezi saba hapa. Wananiita Bwana Nyuki. Bado sijajua kama ni heshima au wananicheka.

Alhamisi, 15 Mei

Mama Chausiku alikuja kwenye masanduku leo. Mara yake ya kwanza. Ni mjane. Mumewe alikuwa mrina asali, akaanguka kutoka juu ya mninga miaka minne iliyopita. Watu walidhani mizinga itauzwa. Yeye akachukua kamba akapanda. Walisema mwanamke hapandi miti. Aliendelea kupanda mpaka wakachoka kusema. Ana mizinga ya magogo kumi na tisa huko chini ya milima, karibu na kijiji chake cha zamani. Mwaka jana walihamishiwa hapa barabarani, yeye na wenzake wote. Mizinga ilibaki kule. Ni mwendo wa saa mbili kwa miguu.

Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, akazunguka masanduku mara moja, polepole, mikono nyuma. Akagusa unga kwa ncha ya kidole, akanusa. Akauliza ni kitu gani. Nikamwambia ni dawa ya kuua wadudu.

"Na nyuki naye si mdudu?"

Nilimjibu kwa maneno ya chuoni, marefu. Alienda zake kabla sijamaliza.

Hasira mpaka jioni. Mtu asiyejua hata kusoma maandishi ya kwenye kopo.

Jumapili, 18 Mei

Barua kutoka kwa mkuu wangu wa kazi, Bwana Mhina, aliye Kilosa. Siku ya Saba Saba wageni kutoka mkoani watapita kuona mradi wetu. Waonje asali ya masanduku. Ameandika "bila kukosa" na kuipigia mstari.

Wiki saba. Makundi tisa, dhaifu.

Siwezi kukaa. Nimezunguka kijiji mara tatu. Mara ya tatu mtu akaniuliza nimepoteza nini.

Ijumaa, 23 Mei

Nondo wa nta. Nimeinua fremu za sanduku la nne, zile mbao zinazoshikilia masega, zimejaa utando na funza. La saba vilevile. Mengine mawili yameanza.

Chuoni tulifundishwa: unga ni wa nje tu, kwenye miguu ya meza. Ndani, kamwe. Nimeandika hayo kwa mkono wangu kwenye daftari la chuo. Daftari liko hapa mezani.

Nimenyunyiza ndani. Masanduku yote tisa. Kidogo tu, nilijiambia. Halafu nikaongeza.

Jumatatu, 26 Mei

Nyuki wamekufa chini ya la nne, la saba na la kumi na mbili. Lundo lundo, kama pumba zilizomwagwa. Wengine wanazunguka mchangani chali, miguu juu. Nimefagia kabla watu hawajatoka.

Jumatano, 28 Mei

Nimefagia tena.

Jumamosi, 31 Mei

Saa nne asubuhi kundi la sanduku la ishirini limehama mbele ya macho yangu. Walitoka kama maji yanayochemka, wakajizungusha juu ya mti wa mbono, wakaelekea kusini. Nikawakimbilia na debe nikiligonga, maana wazee wanasema mlio unawashusha. Hawakushuka. Nimewafuata mpaka mtoni. Wakavuka. Mimi nikabaki nimesimama na debe langu, watu wanaofua wananitazama.

Yenye uhai yamebaki mawili.

Baba yangu alikata mkonge Kimamba miaka ishirini na miwili. Aliponipeleka chuoni alisema kazi ya ofisi haikati mikono. Leo nimetazama mikono yangu kwa muda mrefu. Haina hata kovu. Nimeona aibu na sijui kwa nini hasa.

Jumanne, 3 Juni

Nimeandika ripoti. Nakala yake naiweka hapa ili nisije kujidanganya baadaye:

"Makundi saba yamepotea. Imeonekana kwamba nondo wanatoka katika mizinga ya magogo inayotunzwa kiholela na baadhi ya wanakijiji."

Kuhusu unga sikuandika neno. Jina la mtu sikutaja. Lakini mwenye mizinga ya magogo hapa ni mmoja tu, na Bwana Mhina anamjua.

Nondo yupo kila penye nta. Hiyo ni kweli. Ndiyo maana sentensi ile ilikuwa rahisi kuandika.

Nimeipeleka mwenyewe stesheni ya Mikumi. Njia nzima nilitembea kama mtu anayefukuzwa.

Jumatano, 11 Juni

Nimekwenda na Mama Chausiku kurina. Niliomba mwenyewe. Alinitazama kidogo akasema niko huru kwenda, ila nisibebe kopo langu.

Tuliondoka alfajiri. Njiani alisimama mara mbili kwa ajili ya tembo, hatukuwaona, tuliwasikia tu wakivunja matawi. Tulipita kijiji chake cha zamani. Mapaa yamekwisha kuanguka. Alinionyesha nyumba yake kwa kidevu tu, hakupunguza mwendo.

Mizinga inaning'inia juu kabisa, kwa ndoano za mti, kivulini, mahali upepo hauvumi sana. Siafu hawafiki. Kamba ya kila mzinga ameipaka nta iliyochanganywa na majivu. Hiyo ndiyo dawa yake, basi. Alipanda kwa kitanzi cha kamba kiunoni, mwanamke wa miaka hamsini, mimi nimesimama chini nimeshika ndoo.

Nilidhani nitaona mambo ya kubahatisha. Alifungua upande mmoja tu wa gogo. Alikata masega ya asali sita na kuacha mengine. Upande wa watoto wa nyuki hakuugusa kabisa. Alishuka, akaniambia mzinga huu hataufungua tena mpaka mwakani. Nikamuuliza kama haogopi nondo. Akasema nondo anakula nyumba isiyo na watu. Nyuki wakiwa wengi na hawasumbuliwi, wanamtoa wenyewe. Mimi ninafungua kila Jumatatu.

Akaniuliza, "Wewe ungefunguliwa mlango kila wiki ukahesabiwa watoto, ungekaa?"

Si kila kitu chake ni kizuri. Anatumia mwenge wa nyasi na anaunguza nyuki wengi, na asali yake imejaa majivu. Nilitoa bomba langu la moshi nikamwonyesha. Alilijaribu kwenye mzinga wa tatu. Akasema kitu hiki ni cha maana. Nilifurahi kama mtoto. Halafu nikakumbuka ripoti.

Tuliporudi alinipa uji kwa asali nyumbani kwake. Nilikunywa mabakuli mawili. Sikumwambia kitu.

Alhamisi, 19 Juni

Jibu limekuja. Mizinga yote ya magogo ya kijiji hiki ikusanywe na kuchomwa moto kabla ya Saba Saba. Mwenyekiti wa kijiji asimamie, mimi niongoze.

Ninayo mfukoni. Mwenyekiti amenipita njiani mara mbili leo. Mara zote mbili nimeongea habari za mvua.

Jumamosi, 21 Juni

Nimempa Mwenyekiti barua. Ni Ndugu Kibwana, mtu mpole, mkulima wa mpunga kutoka Tindiga. Alisoma mara mbili. Aliuliza kama ni kweli mizinga ya yule mama ndiyo iliyoua nyuki wa kijiji. Hapo palikuwa mahali pa kusema. Alisubiri. Nilisema ndivyo ilivyoandikwa.

Akakunja barua. Akasema amri ni amri, na kwamba hakuna anayejua mizinga iliko isipokuwa mwenyewe na mimi. Jumanne nitawapeleka mgambo.

Sili.

Jumanne, 24 Juni

Nimewapeleka.

Mgambo wanne. Niliwaonyesha njia. Niliwaonyesha miti. Waliogopa kupanda, wakakata kamba kwa panga zilizofungwa kwenye fito. Mizinga ilianguka kutoka juu na kupasuka. Sita. Nyuki wakatujia, tukakimbia, tukarudi, mmoja wa mgambo amevimba uso mzima. Wakarundika nyasi na kuwasha. Sauti ya nyuki ndani ya gogo linaloungua sitaieleza. Asali ilitiririka inawaka.

Mama Chausiku alikuwa kwenye shamba lake la zamani, si mbali na pale. Nadhani aliona moshi. Alikuja anatembea, hakukimbia. Alisimama upande wa pili wa moto. Nilitegemea matusi, niliyataka. Alikwenda kwenye mti mmoja baada ya mwingine, akaokota vipande vya kamba zake, akavikunja, akaviweka begani. Halafu akaenda.

Mgambo walisema iliyobaki kumi na tatu tutamalizia Alhamisi. Nimewaambia ndiyo.

Mimi ni mwongo na mwoga. Naandika hivyo kwa mwandiko ule ule wa ripoti. Hilo nalo linanitisha.

Jumatano, 25 Juni

Nimepanda treni Mikumi kwenda Kilosa. Kabla ya kuondoka nilimwomba Mwenyekiti asubiri mpaka nirudi. Hakuuliza sababu. Alisema mgambo mwenye uso uliovimba hata hivyo hawezi kutembea.

Kwenye behewa nilisimama njia nzima ingawa nafasi zilikuwepo. Bwana Mhina alikuwa anakunywa chai ya rangi ofisini. Nilimwambia yote bila kukaa. Unga. Ndani ya masanduku. Kufagia. Sentensi ile.

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Alivua miwani akaifuta kwa shati.

"Ile amri nimesaini mimi," alisema. "Kwa maneno yako."

"Ndiyo, mzee."

"Nilikuwa na mjomba mwenye mizinga ya magogo kule Msowero. Nilijiuliza ilikuwaje nondo wake hawakuua nyuki wa mtu. Nikasema kijana ametoka chuoni, anajua."

Akachukua karatasi akaandika kwa mkono, hakumpa mpiga taipu. Uchomaji usimame. Makosa ni ya mtumishi, si ya mwanakijiji. Akagonga muhuri. Nilinyoosha mkono, akaizuia barua kidogo.

"Utaisoma wewe. Siyo Mwenyekiti. Wewe, mbele yao wote."

Kuhusu kazi yangu alisema nitapelekwa ghala la mbegu, sitagusa tena nyuki wa mtu. Kuhusu wageni wa Saba Saba alisema hilo ni lake.

Nimelala kwa shangazi Kimamba. Aliuliza kama naumwa.

Ijumaa, 27 Juni

Mkutano ulikuwa baada ya swala ya Ijumaa, mbele ya ofisi ya kijiji. Watu wengi kuliko nilivyotaka. Mama Chausiku alikaa nyuma na wanawake wenzake, kanga ya bluu, anachambua mboga kwenye ungo.

Nilisoma barua ya Bwana Mhina. Sauti ilikatika mara moja tu. Kisha nikaiweka chini nikasema kwa maneno yangu, kwa sababu barua inasema "makosa" na watu hawakuelewa makosa gani. Nikasema nilitia sumu ndani ya masanduku. Nikasema nyuki walikufa, nikawafagia, nikaandika kwamba ni mizinga ya mama huyu. Nikasema ni mimi niliyewaonyesha mgambo njia.

Mgambo aliyevimba uso alitema mate chini. Wengine walianza kunong'ona. Mzee mmoja akasema nifukuzwe leo leo. Mwingine akauliza kama ile sukari nayo ilikuwa uongo. Mwenyekiti akawanyamazisha akauliza kama Mama Chausiku ana la kusema.

Alisimama. Hakuuliza habari za mizinga.

"Siku ile ulipokunywa uji kwangu, ulikuwa umekwisha kuandika?"

"Nilikuwa nimekwisha kuandika, mama."

"Bakuli la pili nilikupa la Chausiku," alisema. "Alikuwa shuleni. Nikasema mgeni kwanza."

Akakaa. Akarudi kwenye mboga zake.

Nilibaki nimesimama mpaka Mwenyekiti akanigusa bega akaniambia mkutano umekwisha.

Jumapili, 29 Juni

Watoto wananipisha njiani. Sijaambiwa shikamoo tangu Ijumaa.

Nimeyabomoa yale masanduku tisa na kuyafukia kwenye shimo refu mbali na kisima. Unga hauoshwi ukatoka kwenye mbao. Kazi ya siku mbili. Makundi mawili yaliyobaki yalikuwa yameshaondoka. Nimekuta masega matupu.

Jumatano, 2 Julai

Nimekwenda nyumbani kwake. Nilibisha hodi, akaniacha uani. Niliomba radhi. Alisema radhi haipandi mtini. Nikamuuliza nifanye nini.

Akasema kwanza nimchongee mizinga sita. Magogo ya mninga, makavu, siyo mabichi. Na anataka masanduku mawili kati ya yale ambayo hayajatiwa dawa ndani. Nikashangaa. Akasema fremu zile alizitazama siku ile alipozunguka, kwenye sanduku tupu lililokuwa wazi. Sega ukilikata, asali unaipata ila nta yote imekwenda, na nyuki waanze upya. Fremu unaweza kuikamua na kuirudisha. Yeye si mjinga. Atalipaka sanduku nta ya zamani, atalipandisha mtini, atalifungua mara moja kwa mwaka, ataona.

"Kosa halikuwa la sanduku," alisema.

Nikaenda kumletea mawili.

Jumatatu, 7 Julai

Saba Saba. Gari la wageni lilipita saa tano, likapunguza mwendo mbele ya masanduku, likaendelea Mikumi. Bwana Mhina alikuwa amekaa mbele. Alitazama upande wangu. Sijui kama aliniona.

Ngoma ilipigwa mpaka jioni. Mimi nilikuwa msituni natafuta magogo. Nimepata mninga ulioangushwa na tembo, umekauka vizuri. Kuubeba ni suala jingine.

Jumapili, 13 Julai

Kuchonga ndani ya gogo si kama nilivyofikiri. Unapasua kati, unatoa tumbo kwa tezo, unaunganisha tena pande mbili kwa vifungo vya kamba ya mti. Nimeharibu la kwanza. Limepasuka upande. Nimeliweka kando kwa kuni.

Malengelenge viganja vyote viwili.

Mgambo aliyeumwa, jina lake Rajabu, alipita akasimama. Uso wake umerudi. Alinitazama nikihangaika, akaninyang'anya tezo, akanionyesha namna ya kuishika, akairudisha, akaenda. Hakuniamkia.

Alhamisi, 17 Julai

Barua ya uhamisho. Ghala la mbegu, Mvumi. Niripoti tarehe moja Agosti. Mizinga mitano bado.

Jumanne, 22 Julai

Mitatu bado. Naanza kabla jua halijatoka. Nimeacha kutembeatembea kijijini. Nafikiri ni kwa sababu jioni siwezi tena kuinua miguu.

Mama Chausiku amepandisha sanduku moja. Kundi limeingia lenyewe siku ya tatu. Chausiku ndiye aliyeniambia, alipita akitoka shule, akasema haraka haraka akiangalia pembeni, akakimbia.

Jumanne, 29 Julai

Nimemaliza wa sita adhuhuri. Nikaivingirisha yote mpaka uani kwake, mmoja mmoja, nikaipanga kivulini mwa banda.

Alitoka ndani akijifuta mikono. Nikamwamkia, akaitikia. Alipiga kila gogo kwa kifundo cha kidole akasikiliza. Akafungua wa mwisho, akaingiza mkono mpaka begani, akapapasa ndani taratibu, macho ameyafumba. Akasema upande wa kulia bado mnene, nyuki watabanwa, masega hayatapata nafasi.

Nilikwenda kuchukua tezo. Nikakaa chini, nikaendelea kuchonga. Yeye akaleta kigoda chake, akakaa karibu, akaanza kusokota kamba.